Gari Lisilopungukiwa Maji

Uvumi Beletu aliupata kwenye mashine ya kusaga, Jumanne asubuhi, amekalia gunia lake la nafaka ya tefu akisubiri zamu. Mwanamke mmoja mwenye unga hadi kwenye kope alisema dalali Gashaw ana mtu wake anayepita mitaani akitia sukari kwenye magari ya watu. Gari likishakufa, Gashaw anakuja na uso wa msibani, anatoa pole, anatoa bei, anaondoka nalo. Wa pili akasema si sukari, ni chumvi. Wa tatu akasema yeye hajui ni nini, ila anajua kwamba magari matatu ya mtaa wao yameondoka hivyo tangu mvua ziishe, na la nne ni la mtoto wa Alganesh.

Beletu alisaga tefu yake akarudi nyumbani. Alikuwa amestaafu usajini wa polisi wa barabarani, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake hasa ilikuwa kukagua magari yaliyopata ajali, aseme kama breki zilikatika zenyewe au zilikatwa. Alijua habari za mashineni ni nusu unga, nusu vumbi. Alijua pia kwamba sukari haiyeyuki kwenye petroli. Lakini maneno yale yalimganda kama ule unga: alijipangusa, yakabaki. Magari matatu, mtaa mmoja, mnunuzi mmoja. Na Alganesh alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta.

Alasiri akaenda kugonga geti.

Alganesh alimweleza yote wakiwa wamesimama uani, shela lake jeupe amelivuta hadi mdomoni. Wubshet, mwanawe wa pekee, alikuwa akiliendesha gari aliloacha marehemu baba yake, gari dogo la Kijapani la rangi ya krimu, akipandisha abiria kutoka Adama kwenda Asella. Miezi miwili sasa likifika kwenye mlima linachemka. Fundi Fikre amesema gasketi ya silinda hedi imeungua, injini lazima ifunguliwe yote, na hata ikifunguliwa haahidi kitu. Gashaw ametoa birr laki tatu, nusu ya bei ya gari zima, na kesho saa sita mchana anakuja na karatasi. Wubshet amekubali.

"Basi atanunua jingine," Beletu akasema.

Alganesh akatazama mlango wa chumba cha mwanawe, akashusha sauti. Hanunui jingine. Kwenye mfuko wa koti lake ameona kikaratasi chenye namba ya simu, na juu yake limeandikwa neno moja: Moyale, mji wa mpakani.

Beletu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yeyote wa mtaa ule anaijua njia hiyo. Unaingia Moyale, unashika Kenya, unashika Tanzania umelala chini ya magunia ndani ya lori, unaomba hewa isiishe kabla hujafika Afrika Kusini. Mtoto wa Tsige wa pale kona alirudi kwa simu tu: sauti ya mtu asiyejulikana, ikiuliza kama kuna anayemfahamu mwenye namba hii.

"Dada, sikuulizi kuhusu gari," Alganesh akasema. "Nakuuliza kuhusu mwanangu. Gari likiuzwa kesho, keshokutwa hayupo. Niambie, linakufa lenyewe au linauawa?"

Swali hilo Beletu alilizoea. Akaomba aonyeshwe gari.

Wubshet alikuwa ameshatoka chumbani, anapangusa kioo cha mbele, ingawa kilikuwa safi. Kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye tabia ya kujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Etete, umekuja kunikamata?" Wote mtaani walimwita Etete, dada mkubwa, hata waliokuwa wakimwogopa alipovaa sare.

"Nikikukamata nitakulisha nini? Fungua boneti."

Kijana akachukua waya uliopindwa, akaupitisha kwenye matundu ya mbele, akavuta. Kebo ya boneti ilikatika mwaka jana, akaeleza, tangu hapo ni waya tu. Beletu akatoa daftari akaandika: boneti hufunguka kutoka nje, bila ufunguo.

Alianza na uvumi, ili aumalize. Kichujio cha petroli cha gari lile ni cha plastiki, unaona ndani. Kilikuwa safi. Sukari ingekwama pale kwanza, akamwambia, na gari lingezimika kwa njaa, lisingechemka. Kisha akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili nyeusi, ya kawaida. Akafungua kifuniko cha oili akakigeuza: hakuna utando mweupe kama maziwa. Akatoa plagi zote nne. Zilikuwa kavu, akazirudisha. Akamwambia awashe, akaenda kusimama nyuma kwenye bomba la moshi, kiganja mbele. Hakuna mvuke. Kifuniko cha rejeta kilikuwa wazi tangu injini ikiwa baridi, akachungulia. Hakuna mapovu.

"Gasketi ikiungua, maji na oili huonana," akasema. "Hapa bado havijajuana hata kwa jina. Fikre alifungua kipi kati ya hivi?"

"Hakufungua. Alisikiliza."

"Alisikiliza."

"Aliweka sikio, akatikisa kichwa."

"Ningeweka mimi sikio kwenye maiti nikatikisa kichwa, hakimu angenifukuza mahakamani."

Wubshet alicheka kidogo. Beletu akasubiri injini ipate moto, kisha akagusa rejeta kwa nyuma ya mkono, juu, halafu chini. Juu iliunguza. Chini ilikuwa ya baridi kama mtungi. Maji hayapiti. Akaandika. Akazima injini, akasubiri ipoe, akaingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta, akagusa kitu kigumu chenye mikwaruzo. Kidole kilitoka na chembe nyeupe. Akakwangua nyingine kwa kisu kidogo, akaikunja ndani ya karatasi.

"Unajaza maji mara ngapi?"

"Sijazi. Hilo ndilo linanichanganya, Etete. Linachemka nikifika Iteya, pale mlimani, mvuke unatoka mpaka abiria wanashuka wakiomba dua. Nasimama nusu saa, narudi taratibu. Asubuhi nikifungua, limejaa hadi mdomoni. Nikamwambia Fikre, akasema ndiyo dalili ya injini mbovu."

Beletu akafunga daftari. Gari linatoa mvuke kila siku na halipungukiwi maji. Ni sawa na sahani inayoliwa na watu watano na bado imejaa. Muujiza, au kuna mtu anapakua. Wubshet alipokwenda kunawa, Beletu akachomoa uzi mweupe kwenye pindo la shela lake, akaufunga kwenye kifuniko cha rejeta na hozi iliyo kando, akateremsha boneti.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja gereji ya Fikre. Hakuhitaji kumtafuta Gashaw, kwa sababu Gashaw alikuwa huko huko, amekalia tairi, anakunywa chai. Dalali mfupi, mwenye simu tatu.

Beletu akamuuliza habari za sukari bila kuzunguka. Gashaw alicheka hadi chai ikamwagika.

"Mama, unajua sukari bei gani siku hizi? Ningekuwa na sukari ya kumwaga kwenye magari ya watu, ningeuza sukari nikaachana na magari."

Yale matatu ya mtaani aliyataja moja moja. La kwanza mwenyewe aliliendesha bila oili kwenda harusini. La pili lilibingirika, kila mtu aliliona mtaroni. La tatu lilikuwa zee tu. Beletu la mtaroni alilijua, mawili mengine angeyauliza kwa wenyewe. Akauliza ni vipi Gashaw hufika kabla hata mwenye gari hajasema anauza. Hapo Gashaw akashika simu yake moja na Fikre akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Nampigia," Fikre akasema mwishowe. "Gari likija na ugonjwa mkubwa, nampigia. Si kosa."

"Kusema ugonjwa mkubwa kabla ya kufungua chochote, hilo nalo si kosa?"

Gashaw ndiye aliyejibu, bila hasira, kwamba tumbusi haui ng'ombe. Anawahi tu.

Kabla ya kuondoka Beletu aliomba kuona rejeta za magari mengine mawili yaliyokuwa pale. Fikre akafungua. Zote zilikuwa na kutu ya kahawia, maana watu hutia maji ya bomba na kuahirisha yale ya dawa, ya kuzuia kutu. Hakuna hata moja iliyokuwa na weupe.

Jumatano asubuhi saa moja alikuwa kwa Alganesh tena, kabla Wubshet hajagusa gari. Akaingiza waya, akavuta boneti. Uzi ulikuwa umekatika. Maji yalikuwa hadi mdomoni, maangavu.

Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo la ndani hadi Alganesh alipomfungulia. Ukuta una vioo juu. Ndani ya ua ule hulala watu wawili.

Wubshet alitoka na mswaki mdomoni, akamkuta amesimama kwenye gari lake.

"Unataka life," Beletu akamwambia. "Ukimwambia mama yako unauza gari zima, atalia. Ukimwambia limekufa, atakupa pole."

Kijana akatema povu kando. Akafikiri, na kwa mara ya kwanza hakujibu upesi.

"Etete, wewe ni mtu wa magari. Ningetaka life, ningemwaga oili siku moja tu nikapanda Asella. Nani angeniuliza? Ningehangaika na maji miezi miwili?" Akapitisha mkono kwenye paa, akaondoa vumbi ambalo halikuwepo. "Kuondoka nitaondoka. Sikatai. Lakini gari hili baba alinifundishia. Mimi silitesi."

Ilikuwa hoja nzuri, na Beletu aliipima akaona haina tundu. Mtu anayepangusa kioo kisafi haui gari. Basi akabaki mmoja, na huyo mmoja Beletu hakumtaka.

Alganesh alikuwa amekwisha kutandaza nyasi sakafuni, kama desturi ya kahawa, na kuwasha makaa. Kahawa ilikaangwa, ikatwangwa, ikapikwa. Siku ya mfungo, kwa hiyo kando yake palikuwa na bisi tu. Kikombe cha kwanza walikunywa wakiongea juu ya bei ya tefu. Cha pili, Beletu aliongea peke yake, huku macho yake yakitembea.

Chini ya rafu ya picha za watakatifu palikuwa na dumu la njano la lita tano. Ndani yake, pale maji yalipokuwa yamefika kabla ya kupungua, palikuwa na mstari mweupe kama uliochorwa kwa chaki. Juu ya mfuniko, kikombe cha udongo kimefunikwa, na ukingo wake mweupe vilevile.

"Una ndimu?"

"Kwa kahawa?"

"Kwa kikohozi."

Alganesh akampa nusu ndimu. Beletu akafungua ile karatasi ya jana, akaiweka kwenye sinia, akakamulia tone moja juu ya zile chembe. Zikachemka, tss, zikatoa povu dogo. Kisha akachukua kile kikombe cha udongo, akakamulia tone kwenye ukingo. Tss. Povu lile lile.

Alganesh aliyaona yote mawili. Mkono wake uliokuwa umeshika chungu cha kahawa ulibaki hewani.

Beletu akauliza kwa upole maji haya ni ya wapi. Ni ya baraka, Alganesh akasema. Ya chemchemi ya kule bondeni, chini ya kanisa, wanakooga wenye magonjwa ya ngozi. Huyachota kila Jumapili. Yeye mwenyewe hunywa kikombe kila alfajiri kabla ya kula kitu.

"Na gari?"

Hakuna anayeinuka kabla ya kikombe cha tatu, maana cha tatu ndicho cha baraka, na ukikiacha umeondoka mikono mitupu. Alganesh alimimina cha tatu. Kikajaa, kikamwagika kidogo.

"Tangu nilipoona kile kikaratasi," akasema. "Padri aliniambia ninyunyizie. Mimi nikaona kunyunyizia ni kwa nje, na hofu yangu iko ndani. Nikaona pale gari linapokunywa. Kila alfajiri kabla hajaamka namimina mpaka lishibe. Nikasema, likishiba haya halitampeleka kubaya."

"Linakunywa kiasi gani?"

"Mwanzoni kikombe. Sasa hivi hata vinne. Nilifurahi, dada. Nilidhani linayapenda."

Beletu alikunywa kahawa yake yote hadi machicha. Kisha akamwambia kwamba maji hayana kosa. Yametoka kwenye mwamba, yamebeba mwamba. Mwili wa mtu unajua la kufanya na chokaa. Rejeta haijui, inaitunza tu kwenye mishipa yake mpaka mishipa inaziba. Akamshika mkono akamtoa nje, akalala chini ubavu kwenye kanga kuukuu, akaangaza kwa tochi ya simu. Alikuwa na swali moja limebaki: kwa nini hata mwanzoni, kabla ya kuchemka, gari lilikuwa na nafasi ya kikombe kizima kila siku?

Jibu lilikuwa kwenye hozi ya chini. Kibano chake kilikuwa kimelegea, na chini yake pamening'inia mkia mweupe mgumu, kama nta ya mshumaa. Tone moja, tone moja, tangu kabla gari halijaanza kuchemka. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa huo tu, wa kukaza kwa bisibisi. Wubshet angeona maji yanapungua wiki ya kwanza, angetafuta, angekaza. Lakini hakuona, kwa sababu hayakupungua.

"Kwa hiyo linapona," Alganesh akasema.

"Rejeta ioshwe kwa ndimu au siki, mara nyingi. Ikikataa, ibadilishwe. Hozi, kibano, maji ya dawa. Injini sijaona kosa lake. Kuuza gari hili kwa nusu bei ni kumchinja ng'ombe kwa sababu ya kupe."

Alganesh hakufurahi. Alisogea karibu, na alichosema Beletu alikuwa bado hajakifikiria. Likipona, litauzwa kwa bei kamili. Basi ataondoka na mfuko umejaa. Lisipopona, ataondoka na nusu, na wale watu wa malori wakiona nusu humwacha mtu porini. "Nikinyamaza ninamuua, nikisema ninamsafirisha. Niambie wewe."

"Mimi nilifundishwa kusema kama breki ilikatika au ilikatwa," Beletu akajibu. "Ya kuondoka na kubaki sikufundishwa. Lakini siku moja atajua. Akijulia njiani, kutoka kwa mtu mwingine, hatakupigia simu. Mwambie wewe."

Saa sita kasoro, Gashaw aliingia na karatasi zake ndani ya bahasha. Wubshet alikuwa ameshatoa vitu vya baba yake garini: msalaba mdogo wa mbao, miwani, ramani iliyochanika. Alganesh akatoka ndani amebeba lile dumu kwa mikono miwili. Akaliweka chini, katikati ya mwanawe na gari, akasema alichofanya, tangu lini na kwa nini. Kikaratasi akakitaja pia. Hakulia. Gashaw alivua kofia, kisha akaonekana hajui kwa nini ameivua.

Wubshet alilitazama dumu, kisha gari.

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumatatu mara mbili, sababu abiria ni wengi unakimbia."

Akachuchumaa, akaupitisha ukucha kwenye ule mstari mweupe. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda watu kujua kama anacheka. Alipoinua uso alikuwa anacheka, na macho yamelowa.

"Mama, ndani kuna ndimu ngapi?"

"Nne."

"Hazitoshi."

Akaomba kalamu. Beletu akampa ya kwake. Wubshet akapapasa mifuko ya koti akitafuta kitu cha kuandikia, akatoa kikaratasi kidogo kilichokunjwa mara nne, akakigeuza, akakiweka juu ya boneti akaandika: ndimu hamsini, hozi ya chini, vibano viwili. Akampa mama yake aende sokoni.

Upande wa pili namba ya Moyale ilikuwa bado ipo. Alganesh aliiona. Beletu aliiona. Gashaw akarudisha karatasi kwenye bahasha, akasema likikataa apigiwe, akatoka.

Nanyi wenye magari na wenye watoto, epukeni haya:

Usitie kwenye rejeta maji ya chemchemi, ya kisima wala ya mto, hata yawe yamebarikiwa na nani.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

Usikubali fundi aliyesikiliza tu. Afungue, akuonyeshe.

Usiuze gari kwa mtu aliyejua linaumwa kabla yako.

Usiamini habari za mashineni, wala usizitupe zote.

Usiendelee kupanda mlima mshale wa joto ukiwa umepanda, eti unakaribia kufika.

Usipekue mfuko wa mwanao kisha ukanyamaza.

Na panapovuja, usijaze kimya kimya.